Kidevu Nilichopewa na Baba

Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi vijana wa Kijenge mnaonitania saluni, leo nichekeni taratibu, maana nimesimama hapa kanisani kushuhudia aibu yangu mwenyewe.

Mnanijua, mimi ni kinyozi. Ndevu za watu nazichonga zinakaa vizuri. Zangu sasa! Huku kiraka, kule kiraka, katikati patupu. Wateja wananiuliza, "Unatuuzia mafuta ya kuotesha ndevu, mbona wewe hujajiuzia?" Nilipaka mafuta hayo, nikapaka na maji ya kitunguu mpaka mchumba wangu akawa ananikimbia. Mwisho nikaongea kwa simu na daktari mmoja wa Dar. Akasema wanatoa nywele kisogoni, moja moja, wanazipandikiza kidevuni. Nikaanza kujipanga.

Ndugu zangu, kosa langu si kutaka ndevu. Kosa ni uongo. Kaka zake mchumba waliponitania kwamba dada yao kaletewa mwanafunzi, nikajibu, "Hizi ziliungua na dawa mbaya, zitarudi. Kwetu wanaume wana ndevu za kufa mtu." Sasa siku ya posa ikakaribia, na baba yangu, kule mlimani kwenye kahawa yake, kidevu chake kitupu kama kiganja. Wakimwona tu, nimeumbuka.

Nikampigia. "Baba, safari hii wanakwenda vijana tu." Koti alikuwa ameshalipiga pasi, na mkungu wa ndizi wa kuwapelekea wakwe ameshaukata. Akasema, "Haya mwanangu, Mungu awatangulie." Nami nikaenda Nduruma, kwa wakwe, na mteja wangu, mzee mwenye ndevu mpaka kifuani, nikamtambulisha kuwa ni baba mdogo. Baba mwenyewe je? Nikasema anaumwa, hawezi kuinuka.

Nikasahau jambo ambalo kila mtu hapa analijua: ukiwaambia wakwe kuna mgonjwa, watakwenda kumwona! Jumamosi mama mkwe ananipigia, wameshafika kanisa la kwetu kule juu, wanaulizia nyumba. Nikadandia bodaboda, nikafika wakati wanaingia uani na maziwa na unga wa uji. Baba naye anatoka shambani na debe la samadi kichwani, mzima kabisa.

"Tumekuja kumwona mgonjwa," akasema mama mkwe.

Baba akanitazama. Akatua debe. "Mgonjwa ni mimi. Leo ndiyo nimeamka. Karibuni ndani."

Mzee wa kanisa yule! Akadanganya kwa ajili yangu, akanywa uji wa mgonjwa mbele yao mpaka ukaisha. Mimi nimekaa pale, natamani ardhi ipasuke.

Walipoondoka nikamweleza yote. Nilitegemea anifukuze. Akavua kofia, akanigeuzia kisogo. "Kama zako hazitamtosha huyo daktari, achukue hizi. Sikujua kidevu nilichokupa kinakutesa hivi."

Nililia jamani. Asubuhi nikakata jani la isale mpakani mwa shamba, nikampelekea kwa mikono miwili. Kwetu mtu akiletewa isale, hukumu imekwisha, anasamehe. Akalipokea. Kisha akauliza, "Na kule Nduruma je?"

Tukaenda wote, yeye na koti lake. Nikasema kila kitu. Mama mkwe akasema, "Ndevu hata hatukuziwazia. Lakini baba mzima umemlaza kitandani! Hilo utatupa muda." Ana haki. Mpaka leo posa haijajibiwa.

Namshukuru yule mzee wa ndevu, alipojua baba ni mzima alikuja saluni akanisuta mbele ya wateja, nikanyooka. Nawashukuru ninyi mnaoniombea. Ndevu bado nazitamani, sitadanganya tena, na labda siku moja nitapandikiza. Ila ndugu zangu, usimfiche mzazi kwa sababu umefanana naye.

Baba, pale benchi la tatu, naomba usimame. Wageukie watu. Tazameni kidevu chake, halafu mtazame changu. Huyu ndiye baba yangu.