Gesi ya Barafu Inaenda Wapi?

Benchi la kijiwe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya ndoo mbili za rangi zilizojazwa zege, limebanwa mbele ya karakana mbili zinazogawana ukuta. Karakana ya kushoto ni ya Barafu, fundi wa mafriji, mwanamume wa makamo mwenye mikono mipana na sauti ya upole. Jina hilo alibandikwa na wateja, na sasa hata mama yake mzazi humwita hivyo. Ya kulia ni ya Moshi, fundi wa jenereta, aliyemuoa dada yake Barafu. Pembeni Shangazi anauza kahawa. Si shangazi wa mtu yeyote pale, ila hakuna anayethubutu kumwita vingine. Na ikifika saa tatu asubuhi, gazeti kwapani, anaingia Mwalimu, aliyefundisha jiografia miaka thelathini na moja na ambaye kustaafu hakujamfunga mdomo hata kidogo.

Kwa wiki mbili kijiwe kilikuwa kimeingiwa na mdudu. Ilianza siku redio ya Shangazi ilipoleta watu wawili wakibishana kama kweli binadamu ndiye anayeipasha dunia joto. Mmoja redioni akasema ndiyo, mwingine akasema porojo. Mwalimu akaunga mkono ndiyo, na badala ya kuishia hapo akanyoosha kidole kwenye karakana ya Moshi, ambako jenereta ilikuwa inakohoa moshi mweusi hadi barabarani. Moshi akakasirika kama mtu aliyetukaniwa mkwe. Tangu siku ile mmoja anakaa mwisho huu wa benchi, mwingine mwisho ule, hawasemeshani. Barafu yuko katikati, anapokea maneno huku na kuyapeleka kule pamoja na bakuli la sukari.

Na tuseme ukweli: Barafu alikuwa anaona raha. Yeye hatoi moshi. Kazi yake ni kuleta baridi. Katika ugomvi ule alijiona kama refa.

Asubuhi hiyo joto lilikuwa limeanza kazi mapema. Bati la karakana lilikuwa linalia ta, ta, ta. Moshi akafungua kikao.

— Shemeji, mwambie huyo jirani yako kwamba mimi nimeshajua. Jua limesogea.

— Mwalimu, Moshi anasema jua limesogea.

— Nimesikia, masikio ninayo. Muulize limesogea kutoka wapi kwenda wapi.

— Moshi, unaulizwa...

— Limesogea huku! Kwani mtu ukisogelea jiko si unaungua? Sasa hapo mimi na jenereta yangu tunaingia wapi? Mimi ndiye nimelivuta?

Mwalimu akakunja gazeti mara mbili, dalili kwamba anajizuia.

— Mwambie jua lingesogea kiasi hicho, watu wa darubini wangekuwa wa kwanza kupiga kelele. Kinachobadilika ni hewa. Tunachoma mafuta, tunachoma makaa, ile hewa ukaa inabaki juu, inazuia joto lisitoke. Ni kama umejifunika blanketi mchana.

— Na hilo blanketi nani kaliona? akauliza Moshi. Lina rangi gani?

— Halina rangi.

— Haya! Shemeji, umesikia? Blanketi lisilo na rangi. Nikimpelekea dada yako blanketi la hivyo nitalala nje.

Shangazi akacheka mpaka birika likamcheza mkononi. Yeye naye alikuwa na lake, na alikuwa amelitunza tangu jana.

— Mnahangaika bure. Tatizo ni miili. Watu tumekuwa wengi, na kila mtu ana joto lake. Hamjawahi kuingia ukumbi wa harusi? Mnaingia saa kumi kuna ubaridi mzuri, ikifika saa moja kila mtu anajipepea kwa kadi ya mwaliko. Nani kawasha moto pale? Hakuna. Ni miili tu. Sasa dunia ni ukumbi, na waalikwa wamezidi.

— Shangazi, ukumbi una paa, akasema Mwalimu.

— Wewe si umesema kuna blanketi?

Moshi akapiga paja kwa furaha. Akaona mlango umefunguka, akaupitia mbio.

— Tena kuna jingine. Mimi nadhani dunia imefika umri. Mama mkwe wangu, mama yake huyu Barafu, alipofika hamsini na kitu, usiku anafungua madirisha, mchana anajimwagia maji, anasema moto unampanda kuanzia miguuni. Nani kampasha? Hakuna. Umri. Dunia nayo ni mama, imefika huko. Itatulia yenyewe.

— Mama yangu mwache nje ya hili, akasema Barafu, lakini alikuwa anacheka.

— Nasema kwa heshima! Na dawa yake ninayo. Kesho saa sita kamili, kila mwenye friji duniani afungue mlango. Yote kwa pamoja! Baridi itoke, dunia ipumzike.

Hapo ndipo Barafu alipojiponza. Mambo ya jua na umri angeweza kuyaacha yapite, lakini friji ni kazi yake, na mtu akikosea habari za friji mbele yake anawashwa mwili mzima.

— Hapana, shemeji. Ukifungua friji chumbani ukaiacha, chumba kinazidi joto. Friji haitengenezi baridi. Inachukua joto la ndani na kulitupa nyuma, na mota nayo inaongeza la kwake. Weka mkono nyuma ya friji uone.

Mwalimu akageuka polepole. Kwa mara ya kwanza baada ya siku kumi na nne alimtazama Moshi usoni, na wote wawili wakamgeukia Barafu.

— Rudia, akasema Mwalimu.

— Nimesema linatupwa nyuma...

— Linatupwa! Umesikia Moshi? Linatupwa.

— Nimesikia, Mwalimu, akajibu Moshi moja kwa moja, bila kupitia kwa mtu.

— Na bado hatujafika kwenye gesi, akaongeza Mwalimu. Ile inayozunguka kwenye mabomba. Nyingi ya gesi hizo, kilo moja ikiingia hewani inashika joto kuliko kilo elfu nzima za hewa ukaa. Elfu!

Moshi akasimama. Akaikung'uta suruali yake, akazunguka benchi akicheza mabega, akaja kumshika shemeji yake mkono kama anayempongeza.

— Wiki mbili! Wiki mbili nimekaa hapa nimeinama kama mshitakiwa, kumbe bosi wa joto ananipitishia sukari!

Barafu akacheka nao, lakini cheko lake lilikuja limechelewa. Akasema gesi yenyewe ni kidogo, friji moja haina hata robo kilo. Akasema mafriji ya kiwandani ndiyo yenye makosa. Akasema, na hapa alijisikia mwenyewe akipotea, kwamba gesi ya baridi haiwezi kuleta joto kwa sababu ni ya baridi.

— Sasa huyo kanishinda hata mimi, akasema Shangazi.

Kelele zilikuwa zimefika hapo mkokoteni uliposimama mbele yao na friji nyeupe juu yake, imefungwa kamba. Nyuma yake alitembea mwanamke mwembamba aliyevaa sare ya uuguzi na viatu vya raba. Hakuna aliyemfahamu. Alisema amehamishiwa zahanati ya mtaa wa pili wiki iliyopita tu, na hii ndiyo friji yao ya dawa. Inaunguruma lakini haipoi vizuri. Dawa amezihifadhi kwenye sanduku la barafu, nazo zinavumilia mpaka kesho mchana, si zaidi.

Barafu alishukuru kupata kazi. Akaishusha, akaiwasha, akapitisha povu la sabuni kwenye mabomba na muda si mrefu akaona vipovu vinachemka kwenye kiungo kimoja.

— Inavuja taratibu, hapa. Nitachomelea. Ila kwanza lazima niitoe gesi iliyobaki, siwezi kuweka moto kwenye bomba lenye gesi.

Akapachika koki ndogo ya kufungulia gesi kwenye bomba, kama alivyofanya kwa miaka ishirini na miwili. Akaweka vidole juu yake. Muuguzi alikuwa amechuchumaa kando, anaangalia kwa makini, kama watu wa kazi yake wanavyoangalia kazi ya mwingine.

— Ikitoka inaenda wapi?

— Juu, akasema Barafu.

— Halafu?

Barafu akamtazama Mwalimu. Mwalimu akakohoa.

— Inakaa huko. Miaka kumi na kitu, pengine zaidi, inategemea gesi.

— Na ina madhara?

— Makubwa! akasema Mwalimu. Ndicho ninachowaeleza hawa tangu asubuhi.

— Kumbe mnajua, akasema muuguzi. Hakuwa na kejeli hata chembe. Aliuliza kama anavyomuuliza mgonjwa alianza kuumwa lini. 

— Sasa kwa nini mnaiachia?



Shangazi akaanza kufuta kikombe kilichokuwa kikavu. Barafu akangoja Mwalimu aseme, maana kama kuna mtu wa kusema ni yeye, lakini Mwalimu alikuwa amekazia macho kurasa za michezo, kurasa asizozisoma kamwe.

— Mwalimu, akasema Barafu taratibu, gesi ya friji yako mwaka jana niliiachia hapa hapa. Wewe ulikuwa umekaa hapo. Ulikuwa unanieleza habari za theluji ya milimani inavyoyeyuka.

— Nakumbuka, akasema Mwalimu kwa sauti ndogo.

— Hukuniambia kitu.

— Nilikuwa nakunywa kahawa.

Barafu akaviangalia vidole vyake juu ya koki. Akafikiri ni mafriji mangapi. Matatu kwa wiki, wakati mwingine matano, miaka ishirini na miwili. Hakupiga hesabu mpaka mwisho. Akakaza koki, akasimama, akavua aproni.

— Dada, dawa zako zitapata friji leo leo. Nipe saa moja. Nakwenda kuomba kitu.

Anakokwenda alikujua, na hakupenda kwenda. Chuo cha ufundi kilikuwa dakika ishirini kwa mguu, na mkuu wa karakana ya majokofu pale alikuwa mwanamke waliyesoma naye darasa moja. Kila mwaka alimwalika Barafu kwenye mafunzo ya mafundi, na kila mwaka Barafu alituma udhuru. Ukweli ni kwamba aliona haya kukaa dawatini mbele ya mtu aliyekuwa akimwazima rula.

Alimkuta ameinamia kiyoyozi, bisibisi mdomoni. Akaitoa.

— Barafu! Vipi mjomba wako?

— Mjomba yupi?

— Yule anayeugua kila nikikualika. Miaka sita sasa. Mtu ana roho ngumu yule!

Barafu akahisi masikio yanawaka. Kisha akacheka.

— Amepona, akasema. Leo asubuhi. Naomba mniazime mashine ya kunyonya gesi.

Mwanamke yule akaweka bisibisi chini. Hakuuliza mengi. Akamwonyesha inavyofungwa, akamwonyesha mara ya pili polepole, akamkabidhi na mtungi wake. Sharti lilikuwa moja: irudi kabla ya kufunga, na Jumamosi aje darasani. Mtungi ukijaa wao ndio watakaoupokea, gesi isafishwe itumike tena.

— Dawati la mbele nitakuwekea, akasema.

Barafu aliporudi, mashine begani na mtungi mkononi, jasho likimtiririka, kijiwe kizima kilisimama. Moshi alimpokea mzigo, akauweka chini kwa adabu kama anayepokea mtoto mchanga. Mipira ikafungwa. Mashine ikaanza kunguruma, na sindano ya kipimo ikaanza kushuka. Wote watano walichuchumaa wakiizunguka, vichwa vikigongana.

— Inashuka!

— Moshi, toa kichwa chako, siioni.

— Mwalimu, na wewe toa gazeti lako.

— Sasa iko ndani ya huu mtungi? akauliza Shangazi. Hiyo yenyewe?

— Hiyo yenyewe, akasema Barafu.

Shangazi akaugonga mtungi kwa kidole, kidogo tu, kama anayebisha hodi.

Ilipofika saa tisa kiungo kilikuwa kimechomelewa, gesi mpya imeingia, na ndani ya friji mkono ulikuwa hauvumilii kukaa. Muuguzi alishukuru, akafunga kamba zake mwenyewe kwa fundo lililomfanya Barafu amtazame mara mbili, akaenda zake nyuma ya mkokoteni.

Ikabaki kurudisha mashine. Barafu alikuwa na friji nyingine inayosubiri, hivyo Moshi akasema ataipeleka yeye. Akaishika mpini mmoja. Akasita.

— Mwalimu. Hivi jenereta nayo ina kitu chake? Cha kupunguza ule moshi?

Mwalimu akajiandaa. Akaweka gazeti chini, akainua kidole, akavuta pumzi ndefu ya darasani. Kijiwe kikangoja. Kidole kikabaki hewani muda mrefu, kisha kikashuka chenyewe.

— Sijui, akasema.

Akashika mpini wa pili.

— Twende tukaulize.

Wakaondoka wakiwa wameibeba mashine katikati yao, hatua zao hazilingani, tayari wanabishana njia gani ni fupi. Shangazi akainamisha birika likatoa matone mawili ya mwisho. Akapaza sauti kuwaambia kahawa imeisha, wakirudi wasimsumbue. Hakuna aliyegeuka.