Dorotea Boke Magesa, Muuguzi Asiyeogopa Fimbo

Marehemu Dorotea Boke Magesa alizaliwa Butiama tarehe 7 Agosti 1936, mtoto wa pili wa Mzee Magesa na Mama Jenoveva. Alizaliwa kabla ya siku zake, na wakunga walimweka kando wakidhani hatapona. Akalia mpaka wakamrudia. Mama yake husema binti huyu alianza ubishi siku hiyo hiyo.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, mwaka 1949, baba alipomwachisha ili aolewe. Dorotea akatorokea kwa shangazi yake Musoma, akakataa kurudi hadi baba alipokubali asome. Alihitimu uuguzi Mwanza mwaka 1958, akaajiriwa katika hospitali moja ya misheni wilayani Musoma.

Mwaka 1963, dume la ng'ombe lilimpiga pembe kijana Enoka wa Guta, likamchana hadi moyoni. Daktari akaushona moyo, akamwachia kifuani mipira miwili ya kutolea damu, iliyoshuka hadi kwenye chupa zenye maji sakafuni. Dorotea akakabidhiwa kuiangalia. Ndipo Luhende, kaka wa Enoka, alipoingia wodini na fimbo, akaona damu ikichuruzika chupani.

"Tunasikiaga mnanyonya watu damu," alisema. "Leo nimeona. Ng'oa hiyo mipira, nampeleka nyumbani."

Dorotea, ambaye kimo chake kiliishia kifuani kwa Luhende, alisimama kati ya fimbo na kitanda. "Atakayegusa mpira huu aanze na mimi. Damu hii ikibaki ndani itauminya moyo mpaka usimame. Utabeba maiti."

"Nitajuaje husemi uongo?"

"Kaa hapa uone."

Akaukamua mpira kwa vidole kuelekea chini, kama mtu akamuavyo ng'ombe. Bonge la damu likateremka, na Enoka, aliyekuwa akihema kwa shida, akavuta pumzi ndefu. Luhende akaweka fimbo chini.

Alibaki wodini hadi mipira ilipotolewa. Jamaa walipotaka kuweka chupa kitandani isije ikapigwa teke, yeye ndiye aliyewafokea: "Shusheni! Ikipanda, maji yanamrudia kifuani!" Enoka aliondoka kwa miguu yake.

Luhende na Dorotea walifunga ndoa Bunda tarehe 12 Juni 1965. Wakwe walimtaka aache kazi. Aliwapikia, akawahudumia chakula, kisha akavaa sare yake akaenda kazini. Kijiji cha ujamaa kilipoanzishwa Guta mwaka 1974, alikabidhiwa kuongoza zahanati ya kijiji. Msimu wa mavuno, viongozi walipotaka chumba cha wazazi kiwe stoo ya pamba, alihamishia kitanda chake humo na hakutoka hadi walipoghairi.

Mwaka 1977 alipata uvimbe kwenye titi, na hospitali ikasema ni saratani. Aliwakusanya wanawake wa kijiji, akawaonyesha uvimbe ulipoanzia ili nao wajue kujipapasa. Hata hivyo minong'ono ikaenea kwamba amerogwa, na jina la jirani yake, Mama Kwangu, likatajwa. Mama huyo ndiye aliyekuwa akimnywesha uji kila asubuhi.

Dorotea aliita wazee wa ukoo. Hakuweza tena kusimama, lakini sauti ilikuwa ile ile.

"Ni saratani. Nimeuguza wengi, naijua. Mkimgusa Mama Kwangu, msinililie."

Mzee mmoja alisema, "Mke wetu, haya ni mambo ya ukoo."

"Na ugonjwa ni wangu," alijibu.

Alifariki nyumbani Guta tarehe 19 Mei 1978, mkono wake ukiwa mkononi mwa Luhende.

Ameacha mama yake mzazi, mume, watoto watatu, Apolinary, Esta na Kija, kaka yake Silasi anayesoma wasifu huu, na shemeji yake Enoka, mzima wa afya.

Kwa agizo la marehemu, Mama Kwangu ameketi safu ya mbele pamoja na wafiwa. Mwenye neno juu yake na aondoke sasa, kabla udongo haujarudishwa. Pumzika kwa amani, Dorotea. Hakuna atakayemgusa.