Hogla binti Zerahi, Aliyemwapiza Mumewe Mara Moja Tu

Marehemu Hogla binti Zerahi alizaliwa hapa Halhuli siku ya nne ya mavuno ya shayiri, mwaka wa pili baada ya nzige. Alilia kilio ambacho punda wa kijiji cha pili walikiitikia.

Alifunzwa amri langoni na babu yake, mzee Shimri Mlawi, pamoja na wavulana, maana kumfukuza kulishindikana. Siku moja wakafika pale tunapokatazwa kumwapiza kiziwi.

"Babu, si hasikii huyo? Itamdhuru nini?"

"Haimdhuru."

"Sasa kwa nini nisimwapize?"

"Sikiliza mwisho wake: Mimi ndimi Bwana."

"Hiyo si sababu, Babu. Huko ni kujitaja tu."

"Ndiyo sababu yenyewe! Aliyetutoa Misri ndiye anayesema, na yeye masikio yake mazima. Haya, kachote maji."

Alikwenda ananung'unika, lakini neno likamkaa.

Alipotimiza miaka kumi na mitano, Bukia alimpa kazi ya kulinda mizabibu yake. Wengine hupanda dunguni na kombeo. Hogla alipanda na mdomo. "Wewe mla vya watu, ndevu zako na ziotee ndani!" Wezi wakahamia mashamba yenye mbwa.

Aliyebaki ni Eshtoni, mchunga mbuzi wa bondeni, kiziwi tangu kuzaliwa. Mbuzi wake waliingia watakavyo. Hogla alifungua kinywa, akakifumba. Bukia akaja mbio.

"We binti, umemeza ulimi? Mwapize! Hasikii huyo!"

"Ndiyo maana siwezi."

"Wananimalizia zabibu!"

"Mzee Bukia, Eshtoni simwogopi. Namwogopa anayesikia."

Akashuka, akawatoa mbuzi kwa masikio, mmoja mmoja, na mwenyewe akamtoa kwa kumshika mkono. Mkono ule hakuuachia tena. Walioana mwaka wa kumi na tisa baada ya nzige, majira ya kukata manyoya. Nyumbani aliapiza chungu, kinu na kigoda, mumewe kamwe. Wanaume wengi hapa walimwonea Eshtoni wivu.

Lakini mwaka wa arobaini na saba, binti yao Aksa akiwa anavikwa kwa ajili ya arusi, beberu akala shela. Eshtoni akacheka, akamkuna beberu shingoni. Hapo Hogla akampa mumewe mgongo, asione midomo, akamwapiza kuanzia kisogoni mpaka kanda za viatu. Kilima kizima kilisikia. Alipovuta pumzi ndipo alipogutuka: Eshtoni ameweza kumpa mgongo, je, Bwana atampa mgongo akigeukia wapi?

Kesho yake alipeleka mbuzi jike wa sadaka ya kosa kwa kuhani.

"Bwana amesikia, mama. Mumeo je?"

"Hajui."

"Mjulishe."

"Mwakani," akasema Hogla. Mwakani hiyo ilichukua miaka kumi na mmoja, na kila mavuno alikonda kidogo.

Mwaka huu, wakati wa kupogoa mizabibu, alivimba koo. Alipewa asali, akapewa hisopo, sauti isirudi. Alipoona siku zinakwisha, alimketisha mumewe mbele yake, akamweleza yote kwa mikono huku analia. Eshtoni alimkazia macho, kisha akacheka mpaka akashikilia nguzo. Mikono yake ikauliza: "Apizo lenyewe lilikuwaje? Nionyeshe!"

Hogla akatikisa kichwa, akainua kidole juu.

Akambembeleza kwa mkate wa tini. Kidole juu. Akapiga magoti. Kidole juu, ila safari hii na yeye alikuwa anacheka, bila sauti, mabega yanatetemeka.

Aliaga dunia leo alfajiri, siku ya tisa ya mwezi wa zabibu za kwanza, mwaka wa hamsini na nane baada ya nzige, mumewe akiwa amemshika mkono mmoja. Ule mwingine, kidole bado juu, ulitupa kazi wakati wa kumvika sanda.

Ameacha mume, Eshtoni, binti yake Aksa, wana wawili, Helesi na Yahmai, wajukuu saba, na mbuzi wasiojua adabu. Tangu asubuhi Eshtoni anazunguka kwa majirani, anauliza kwa mikono apizo lile lilikuwaje. Sisi tuliolisikia tupo hapa na tunalikumbuka neno kwa neno. Tusimwonyeshe. Hatafuti ugomvi, anataka kucheka tu, na sisi tunajua. Lakini aliyetukataza bado ni yule yule.

Hogla alale salama kwa mama zake, kinywa chake kikiwa kimetulia.