Dada Simu na Ile Nusu Sauti

Leo, tarehe 30 Juni, mwimbaji kiongozi wa bendi ya hoteli yetu anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili na miezi minne ya kazi. Kwenye faili lake ofisini limeandikwa jina kamili. Sisi tunamwita Dada Simu, na ukimwita vinginevyo usishangae asipogeuka.

Jina hilo alilipata kihalali. Aliajiriwa kuunganisha simu, katika kile chumba kidogo nyuma ya mapokezi ambacho sasa kinawekwa mashuka. Mgeni alikuwa akipiga kuomba taulo, akiisikia sauti yake anasahau alichotaka, anakata, anapiga tena. Mwimbaji wa zamani alipoacha kazi ghafla katika wiki yenye harusi tatu, meneja wa wakati ule hakwenda mbali. Alishuka ngazi, akabisha hodi chumba cha simu.

Dada alikubali kwa sharti moja, kwamba ataimba rithimu na bluzi, muziki ambao vijana wanaufupisha kuwa arenbii. Meneja aliogopa, kwa kuwa aliamini mgeni akisikia wimbo wa majonzi hali chakula. Kwa hilo hakukosea. Sahani zilirudi jikoni chakula kimepoa hakijaguswa, na mpishi mkuu alinuna mwezi mzima, mpaka siku alipokutwa mwenyewe amesimama mlangoni pa ukumbi, machozi yanamtiririka. Alisingizia vitunguu. Siku hiyo zamu yake ilikuwa ya keki.

Kitu kimoja tu Dada hakukiaga alipohama chumba cha simu. Kabla ya kupanda jukwaani hunyanyua mkono wa ile simu kuukuu ya mezani iliyopo ushorobani, husikiliza kidogo, kisha huurudisha bila kubonyeza namba yoyote. Tulimtania miaka yote kwamba anampigia shemeji yetu, fundi wa viyoyozi, na kwamba shemeji kama kawaida yake hapokei.

Wimbo wake mkubwa ulizaliwa kwa kosa. "Nimefunga Mizigo" aliutunga mwenyewe, nao ni wa mwanamke anayemwacha mumewe. Siku moja karatasi za nyimbo zilichanganyika, akauanza katikati ya harusi. Mama mkwe wa bibi harusi aliweka uma chini. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na Dada aliyaoga. Alipofika ubeti wa mwisho alimgeuza yule mwanamke njiani, akamrudisha nyumbani na mizigo yake, akapanda naye juu kabisa kwenye neno "nimerudi," akalishikilia hadi ukumbi mzima ukasimama. Tangu hapo hakuna harusi hapa inayokubali kwisha bila neno hilo.

Sasa nije kwenye dhambi yetu. Mimi ninayeandika ndiye mpiga kinanda wake, kwa hiyo naungama kama mhusika mkuu. Miaka sita iliyopita Dada aliugua koo. Daktari alimkataza kuimba miezi mitatu na kumwonya kwamba huenda sauti isirudi ilivyokuwa. Aliporejea, siku ya kwanza ya mazoezi, "nimerudi" ilikatika njiani. Kinanda changu kina kitufe kidogo cha kushusha muziki wote nusu sauti, yaani kingazi kimoja chini, na jioni ile nilikibonyeza ili asilazimike kupanda juu sana. Mpiga gitaa na mpiga besi walilegeza nyuzi. Mpiga saksofoni, ambaye chombo chake hakina kitufe wala nyuzi za kulegeza, ilibidi ajifunze vidole upya, na bado ananilaumu. Tuliapa kwamba Dada hatajua kamwe.

Mwezi uliopita, tukipanga nyimbo za leo, alituambia huku anakoroga chai kwamba tumembeba miaka sita na anashukuru, ila siku ya mwisho tumteremshe atembee mwenyewe. Kumbe alijua tangu jioni ya kwanza. Mlio wa ile simu ya ushorobani ukiinyanyua haubadiliki, na ndimo alimokuwa akichukua sauti yake ya kuanzia, tangu ujana. Jioni ile alipopanda jukwaani, simu ilisema hivi na sisi tukapiga vile. Akanyamaza, akatufuata chini, ili tusiaibike.

Basi wageni waalikwa, wimbo wa mwisho leo utapigwa mahali pake pa asili. Naomba mkisikia unakaribia "nimerudi" msipige makofi wala msimsaidie kuimba. Dada amesema sauti ikikatika ni yake, ikifika ni yake. Mimi nimeshabandika utepe juu ya kile kitufe.

Dada Simu, asante kwa kutufundisha kusikiliza, na asante zaidi kwa kutusitiri tulipodhani sisi ndio tunaokusitiri. Maisha mema yakupokee, wewe na shemeji na wajukuu. Ile simu ya ushorobani uongozi umekubali uichukue nyumbani, lakini baada ya onyesho. Leo asubuhi nimekuona umeinyanyua, ukasikiliza, ukatabasamu. Panda, Dada. Tunakusubiri huko huko juu.