Mama Vifuko na Protini Yenye Maringo

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara yetu ya seli, Mama Vifuko anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30. Jina hilo tulimpa sisi, na analistahili, kwani humu jengoni hakuna aliyetengeneza vifuko vingi kumshinda. Kila Jumatatu alichanganya mafuta na maji, akayasukuma kwa bomba la sindano kupitia chujio lenye matundu yasiyoonekana kwa macho. Upande wa pili vikatoka vifuko vidogo mno vya mviringo, mfano wa vile ambavyo seli hutumia kusafirishia mizigo yake ya ndani.

Alianza kama msaidizi wa utafiti, akapanda hadi kuongoza kitengo, na muda wote huo aling'ang'ana na swali moja: kifuko kikikaribia kinakokwenda, nani hukidaka kisipotee njia? Jibu lake lilikuwa protini moja ndefu kama kamba. Ncha yake moja imefungwa mahali pa kupokelea mizigo, nyingine inaelea ikisubiri. Hii inayoelea haidaki ovyo. Utando, ile ngozi nyembamba inayozunguka seli na vifuko vyake, ukiwa bapa huupita kana kwamba haikuuona. Kifuko kidogo, kilichopinda sawasawa, hukinasa papo hapo. Mama Vifuko akaipa jina la Maringo, kwa kuwa bila mviringo haimtaki mtu.

Jinsi Maringo anavyoutambua mpindo, alituonyesha kwa brashi ya plastiki ya kusugulia sakafu. Mbele ya wageni waheshimiwa aliikunja kama upinde, nywele zake zikaachana, naye akachomeka penseli kwenye mwanya. Utando nao ukipinda sana hupata mianya, na humo ndimo Maringo anamoingiza ncha yake. Wageni walipiga makofi. Mfanyakazi wa usafi, aliyekuwa anaisaka brashi yake tangu asubuhi, alikunja mikono tu.

Si kila siku ilikuwa ya makofi. Mwaka jana wataalamu waliokuja kukagua kazi zetu walisema Maringo anashika kwa ulegevu mno, hawezi kuzuia kifuko chochote, na kwamba Mama Vifuko akistaafu utafiti huo nao ufungwe. Ilimuuma, ikatuuma na sisi. Miaka yote alishikilia kwamba ulegevu huo ndio akili ya Maringo, lakini maneno matupu hayavunji mfupa.

Basi akajitosa katika jaribio la mwisho. Ndani ya seli hai tulimfunga Maringo kwenye mitokondria, vile vinu vya nishati vya seli, mahali ambapo vifuko vile havina shughuli wala jamaa. Vikienda huko, basi ni yeye aliyevidaka. Kando tukaandaa Maringo wa pili, tuliyemwongezea nguvu ya kushika.

Wiki iliyopita picha za hadubini zikafunguka. Yule mwenye nguvu alikuwa amekumbatia kila utando uliopita karibu, bapa kwa mviringo, vurugu tupu! Ikafuata picha ya Maringo wetu. Mume wa Mama Vifuko, fundi redio, alikuwa amekuja kumchukua kama kawaida yake. Akachungulia juu ya bega la mkewe, akauliza, "Mama, mbona hivi vidogo vimejazana hapa tu?"

Tulikuwa tunapiga kelele: vifuko, na vifuko peke yake, vilikuwa vimemfuata Maringo kwenye mitokondria. Mama Vifuko alivua miwani akalia waziwazi, kisha akafuta machozi na kudai picha nyingine, maana moja haimtoshi. Zikaja nyingine, na nyingine tena, zote zikasema lilelile. Wakaguzi nao wamesalimu amri: utafiti unaendelea.

Mama Vifuko, ahsante. Ukitukuta tumemwaga sampuli ulitutania wiki nzima, halafu ukatufundisha upya bila kuchoka. Ukweli ni kwamba wiki hii tungependa kukung'ang'ania mlangoni usitoke, lakini tumeona kwa macho yetu yanayompata mwenye kung'ang'ania. Nenda basi ukapumzike na fundi wako. Chujio lako tumelisafisha, liko mahali pake. Tunakuombea afya, usingizi mnono na vicheko vingi nyumbani. Nasi tumekushika kama Maringo anavyoshika: kwa ulegevu, lakini tumekushika.