Emerensiana Luambano, Mama Spea wa Mfaranyaki

Emerensiana Luambano, tunayemzika leo, alizaliwa Peramiho tarehe 14 Machi 1969, mtoto wa kwanza wa wakulima. Alisoma shule ya msingi hukohuko, akamaliza kidato cha nne Songea mjini mwaka 1988.

Mwaka 1990 aliajiriwa katika duka la spea la marehemu Mzee Swalehe, Mfaranyaki. Mafundi walicheka kumwona msichana nyuma ya kaunta ya shokapu na breki pedi. Hawakucheka muda mrefu. Mwaka 2001 alifungua duka lake hapohapo Mfaranyaki, na mjini hakuna aliyemwita tena Emerensiana. Alikuwa Mama Spea.

Alifunga ndoa na Mwalimu Tadei Mapunda katika kanisa la Peramiho tarehe 22 Julai 1995. Mungu aliwajalia watoto wawili, Remmy na Edna.

Marehemu alikuwa na wivu. Familia imekubali jambo hili lisomwe, maana kila aliyewahi kununua spea Songea analijua. Mwaka 2006 alimleta dukani mdogo wake, Kunegunda, akamfundisha kazi yote. Mwaka 2014 Kunegunda akafungua duka lake mwenyewe, ng'ambo ya barabara, mlango ukitazamana na wa dada yake. Tangu hapo Emerensiana aliongea na mteja huku jicho liko ng'ambo. Mauzo hayakumuuma sana. Kilichomchoma ni kwamba vijana wa gereji walianza kumwita Kunegunda "Mama Spea" pia.

Wauza spea wana desturi yao. Kifaa kikikosekana, humwambia mteja asubiri kitolewe stoo, kisha hukichukua kwa jirani. Emerensiana alichukua kwa majirani wote isipokuwa mmoja. Fundi Mussa anakumbuka alivyomwendea akitafuta bolijointi ya gari aina ya Noah.

"Haipo," marehemu alimjibu. "Songea nzima haipo."

"Mbona kwa Kunegunda nimeiona kwenye kioo?"

"Basi kanunue na kioo chake."

Kisukari kilimwanza mwaka 2019, kikagusa figo. Tarehe 27 Septemba mwaka huu 2025 hali ilibadilika, na Mwalimu Tadei akaanza safari ya kumpeleka hospitali Peramiho kwa gari lao. Walipofika Likuyufusi, njiani, mkanda wa feni ukakatika. Mgonjwa alikuwa anahema kwa shida, na mkanda wa gari lile ulipatikana duka moja tu Songea. Marehemu alilijua duka hilo. Alisema atasubiri basi.

Mwalimu alisogea pembeni akapiga simu. Kunegunda alifika mwenyewe kwa bodaboda, mkanda mkononi.

"Nani kakuita?" Emerensiana aliuliza.

"Shemeji, dada. Shikamoo."

"Marahaba. Huo ni orijino?"

"Orijino."

"Nani anakuletea orijino?"

"Pona kwanza, dada. Ukipona nitakuambia."

Walioshuhudia wanasema ndiyo mara ya mwisho marehemu kucheka kwa sauti. Mkanda ulifungwa, wakafika salama, na madaktari wakafanya kila walichoweza. Kunegunda alilala hospitali, akimwogesha na kumlisha uji. Wateja walipokuja kumjulia hali, marehemu alitazama ni nani kati yao wawili anayesalimiwa kwanza.

Jumanne, tarehe 7 Oktoba, alimshika mdogo wake mkono.

"Siku ya kunizika, nawe ufunge duka."

"Nitafunga, dada. Ningefungua vipi?"

"Ufunge kweli. Wateja wangu wote watakuwa mjini siku hiyo. Sitaki uwauzie."

Kunegunda alicheka, kisha akashindwa kujizuia, akalia. Emerensiana hakumwachia mkono. Alifariki dunia alfajiri ya tarehe 9 Oktoba 2025, akiwa na umri wa miaka 56.

Ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja, na mdogo wake Kunegunda, ambaye leo asubuhi alipita Mfaranyaki na kufunga makufuli mawili, la duka lake na la dada yake.

Mama Spea, pumzika kwa amani. Ng'ambo hakuna anayeuza.