Historia ya Baba Yetu, Mpiga Besi, Ambaye Hakuugua

Jumapili ya tarehe 9 Juni 2024, ukiacha waumini kwenye mabenchi, waliokuwa mbele kanisani ni mchungaji, mwenyekiti wa kwaya, fundi mitambo, mpiga dramu, mlinzi wa geti aliyeingia kusikiliza wimbo, muuguzi mmoja aliyekuwa mgeni, mama yetu katika safu ya sauti ya pili, mimi nikiwa na mwanangu mgongoni, na baba yetu, ambaye ndiye tunayemzika leo. Nimewataja kwanza kwa sababu karibu wote wamekaa hapa, na nitakayoyasoma waliyaona.

Baba alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tano wa seremala na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, akaingia sekondari, akaacha mwaka wa pili babu yetu, yule seremala, alipopooza, akabaki nyumbani kumgeuza na kumlisha. Miaka hiyo ndiyo mjomba wake alimfundisha besi katika stoo ya kanisa, kwa gitaa lililobaki na nyuzi tatu, na hata uzeeni alikuwa akisema uzi wa nne ni anasa.

Tarehe 2 Februari 1981 aliajiriwa katika kiwanda cha magodoro, akakata sponji hadi alipostaafu mwaka 2016, na jioni alirudi ananuka gundi, nasi tukamkimbilia hivyo hivyo. Tarehe 5 Desemba 1987 alifunga ndoa na mama yetu, ambaye anasema alimpenda kwa sababu ndiye mpiga chombo pekee aliyewaachia waimbaji nafasi ya kusikika. Mungu aliwajalia watoto watatu, kaka zangu wawili na mimi kitinda mimba, na ameacha wajukuu wanne.

Baba hakuwahi kuwa na amplifaya yake, alikuwa na gitaa na waya wake tu, na kwaya zilimwazima kama majirani wanavyoazimana ngazi, wiki hii kanisa hili, wiki ijayo lile, na kila alikokwenda alikuta chombo asichokijua, hapa spika imepasuka, pale vitufe vimeng'oka vimebaki vyuma vyake. Kwanza aliufuata waya wa umeme kwa mkono mpaka kwenye plagi, akaitazama, ndipo aliweka sauti chini kabisa, vitufe vyote katikati, akapiga uzi mnene, akasikiliza, akapunguza uzito badala ya kuuongeza, kisha akampa mwenzake gitaa apige, yeye akaenda kusimama mlangoni, kwa sababu alisema mlio unaonguruma mbele peke yake ni wa kutikisa viatu vya mchungaji, bibi aliyekaa nyuma haambulii kitu. Shughuli hiyo yote aliiita kubisha hodi, ndiyo maana wengi wenu mlimwita Mzee Hodi.

Sehemu hii ya historia huwa ni ya ugonjwa. Baba hakuugua. Asubuhi ile alikunywa chai, akambeba mjukuu wake mpaka getini, akalalamika kwamba viatu vimembana.

Amplifaya ya kanisa hili ilinunuliwa mwezi Aprili, na ilikuwa ikivuma wakati wa sala ya kimya. Mwenyekiti wa kwaya aliagiza kelele hiyo ikomeshwe, fundi mitambo akaukata kwa koleo waya wa tatu kwenye plagi, ule unaopeleka umeme ardhini ukipotea njia, na kweli mvumo ukakoma, lakini fundi alipomweleza kwamba hiyo ni ya siku chache tu, ubovu wenyewe utafutwe, alijibiwa, "Si imenyamaza? Basi iache." Kisha zulia jipya likapigiliwa misumari juu ya ile plagi, kanisa lipendeze kwa wageni.

Jumapili ile ilikuwa mara ya kwanza kwa baba kuipigia amplifaya hiyo, na alipoinama kuutafuta waya chini ya zulia, mwenyekiti alisema mbele ya kwaya nzima, "Mzee Hodi, wenyeji tumeshaitika karibu, piga bwana, wageni wanangoja." Watu walicheka, na baba akacheka pia, kwa kuwa hakupenda kuchelewesha watu, akaanza. Ubeti wa pili alisogea kwenye maiki kuitikia, mikono ikiwa kwenye nyuzi, mdomo ukagusa chuma cha maiki, umeme uliokosa njia ya ardhini ukampitia yeye, akaanguka. Alithibitishwa kufariki saa saba mchana, hospitalini.

Jumatatu mwenyekiti alikuja nyumbani, akamkuta mama amekaa chini, akashauri tuandike kwamba marehemu alianguka ghafla, tusichafue jina la kanisa, akaniambia, "Mwanangu, ni Mungu aliyemwita." Mzee wangu, nakuheshimu, lakini Mungu hakushika koleo, wala hakupigilia zulia. Hatutaandika hivyo. Tunataka kamati ya kanisa iseme Jumapili hii, mbele ya waumini walewale, kilichomuua baba yetu, na kila chombo kikaguliwe kabla mtoto wa mtu mwingine hajasimama pale.

Tunamshukuru mlinzi aliyekimbilia swichi kubwa wakati wengine tunapiga kelele, muuguzi mgeni aliyembonyeza baba kifua njia nzima mpaka magoti yake yakachubuka, madaktari waliotueleza bila kutuficha, wenzake wa kiwandani walioleta magodoro ya kulalia waombolezaji, majirani waliomwogesha mwanangu na kumlaza bila kuombwa, na mpiga dramu, ambaye tangu siku ile ndiye anayemchotea mama maji. Fundi mitambo alikaa kizingitini kwetu akatueleza yote yeye mwenyewe, analia, na ingawa hasira yangu kwake haijaisha, tunamshukuru kwa ukweli.

Pumzika, baba, kwa amani ambayo sisi bado hatuna.

Waya wa tatu ulirudishwa Jumatano, na kazi hiyo iliisha kabla chai ya fundi haijapoa.